Chemosit wa Kibuyu cha Wageni

Nakumbuka asubuhi moja kule Kimulot, ukungu umelala juu ya michai kama uliochoka safari. Mimi huyu unayeniona na mkongojo nilikuwa msichana wa miaka kumi. Mdogo wangu Kiprono alikuwa na mitano, na kazi yake ilikuwa kuchunga ndama mmoja tu.

Siku mbili kabla, nilikuwa nimekunywa mursik, maziwa lala ya kibuyu yaliyotiwa mkaa, ambayo nyanya yetu, Kogo, alikuwa amewawekea wageni. Nilipoulizwa nikasema ni Chemosit, lile zimwi la mguu mmoja. Mwanangu, uongo ule ulinipendeza! Lakini Kiprono aliumeza wote. Tangu hapo hakwenda hata chooni bila sufuria kichwani ya kujikinga na zimwi, nami nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Sasa asubuhi hiyo ndama akapotelea ukunguni, tukamsikia akilia. Kiprono alisimama mlangoni na sufuria yake, machozi yakimtoka.

"Chemosit atamkula! Na ni mimi nilimuachilia!"

Kicheko kikaniisha. Niliona aibu sana.

Kogo akanivuta kando, akaugeuza mkono wa sweta yangu. Pale nilipojipangusia mdomo palikuwa na weusi wa mkaa.

"Kumbe Chemosit siku hizi anavaa sweta?" akauliza taratibu. "Nilijua tangu juzi, nilikuwa nangoja wewe useme. Ni wewe uliweka huyo Chemosit kwa ukungu. Enda umtoe."

Nilimshika Kiprono mkono tukaingia kati ya mistari ya chai. Umande ulitulowesha hadi kiunoni, na dunia yote ilikuwa nyeupe, kimya, kama ndotoni. Na wajua, niliogopa! Nilimtunga mwenyewe, lakini kwenye kila kichaka nilimwona. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Kiprono," nikasema, "hakuna Chemosit. Ni mimi nilikunywa."

Akavua sufuria, akanivika mimi.

"Basi vaa wewe. Ni wewe unaogopa," akasema, akatangulia. Tulimkuta ndama akilamba umande.

Mwanangu, ukikosa, sema mapema, hasa kama kuna mdogo anayekuamini. Hofu uliyompandia mwenzako, wewe ndiye utakayetumwa kuing'oa. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na siku ukungu utakapokufunika, akupe ndugu wa kukutangulia.