Krismasi ya Mama Nyuma ya Kamera

Tangu tumzike Baba, Mama hatulii. Akiketi, mara anakumbuka sufuria. Akifika jikoni, amesahau alichofuata. Kanisani ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Kila Jumapili, mahubiri yakianza tu, alinyanyuka akatoka, mimi nikabaki nimeshika Biblia zetu mbili. Nilimwomba Mungu jambo moja: Krismasi hii Mama abaki mpaka baraka ya mwisho. Niliogopa kwamba akitoka siku hiyo, hatarudi tena.

Baba alikuwa mpiga picha, na kila Krismasi yeye ndiye aliyepiga picha za igizo la watoto kanisani. Mama alikuwa mwenzake wa studio, lakini kamera hakuishika. Kazi yake ilikuwa nyuma ya pazia, kukata picha za pasipoti na kukagua nyuso: masikio yote mawili yaonekane, kidevu kisiinuke. Baba alimtania, "Mke wangu anawajua watu wote, ila kuanzia mabegani kwenda juu."

Krismasi ilipokaribia, kiongozi wa kwaya alikuja nyumbani.

"Shemeji, picha za watoto mwaka huu utatupigia wewe."

"Mimi ni wa kukata tu."

"Haya. Tutampa yeyote mwenye simu, atukate vichwa."

Mama akakunja uso. "Kamera iko wapi?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeificha.

Siku yenyewe alivaa raba, akaitundika kamera shingoni. Mambo yakaenda mrama mapema. Alimvuta mtoto aliyeigiza Yosefu mpaka kwenye ukuta mweupe. "Kijana, tazama hapa. Usicheke. Shusha kidevu." Yosefu akatii kama mtu anayesafiri kesho. Mchunga kondoo akaambiwa avue kilemba, masikio hayaonekani.

"Shemeji," kiongozi wa kwaya akanong'ona, "hawa wanakwenda Bethlehemu, hawaombi viza."

"Kwani Bethlehemu walifuata nini? Si kuandikishwa?"

Viti vya mbele vikaangua kicheko. Nami nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba, kisha nikaona Mama ameshusha kamera. Alikuwa akilitazama hori. Akageuka, akatoka.

Nilimkuta uani akizunguka, anafungua na kufunga kifuniko cha lenzi.

"Mama, turudi."

"Nirudi nikae? Jeneza liliwekwa palepale walipoweka hori. Nikikaa, macho yanakwenda pale tu. Siwezi, mwanangu."

Maandiko yote niliyoyajua nilikuwa nimeshamsomea, na kila mara aliitikia amina kisha akatoka.

"Nani kakwambia ukae?" nikamwuliza. "Baba kwenye ibada ya Krismasi uliwahi kumwona amekaa?"

Akasimama. Ndani kwaya ilikuwa imeanza ubeti mwingine.

"Hata siku moja," akasema. "Nilikuwa namwona kama mtu asiyesali."

Akarudi. Alipita kati ya viti, akawapiga picha bibi zetu, akawapiga wahudumu wa mlangoni, akampiga hata mchungaji katikati ya sala. Hori alilikwepa, akalirudia, akalikwepa tena, mpaka mwishowe akapiga magoti akampiga picha mtoto aliyelala mle.

Hakutulia. Mguu huu, mguu ule, kamba ya kamera ikimkwaruza shingo. Lakini mchungaji alipoinua mikono kutoa baraka, Mama alikuwa ndani, amesimama, na amina yake ilitangulia zetu sote.