Nilimwita Zakaria Uwanjani

Asubuhi ile Zakaria alinicheka kwa sababu ya viatu vyangu. Tulikuwa tunatoka Buterere kwenda kazini uwanja wa ndege, matope ya mashamba ya mpunga yakinifika kwenye vifundo, naye yuko peku, hana wasiwasi.

"Karani, viatu yako leo itakula matope mpaka ishibe," alisema.

Nilikuwa karani wa wakata majani. Zakaria alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyenipokea nyumbani kwake nilipokimbia vita Uvira, ng'ambo ya ziwa, na sanduku moja.

Uwanja ni mrefu na majani yake yanamficha mtu. Kwa hiyo nilikuwa nasimama mbele ya hanga la zamani la wanajeshi wa Kibelgiji, naita majina. Kila mtu aliitika kwa Kirundi, "Karame," popote alipo, kisha akaja. Kukaa kimya kulikuwa kumdharau anayekuita.

Wiki zile Wahutu waliosoma walikuwa wanachukuliwa mjini na jeshi, hawarudi. Zakaria alikuwa Mhutu, na kabla ya hapo mwalimu wa kwaya. Tulidhani panga la kukatia majani lingemfanya aonekane si kitu. Tulijidanganya.

Saa nne lori la jeshi liliingia. Askari alikuwa na jina moja kwenye karatasi. Akaliita mara tatu. Kimya. Lilikuwa la Zakaria. Alikuwa amejificha, amelala kwenye majani, na mimi nilijua.

"Ita we," askari aliniambia. "Sauti yako wanaijua."

Niliogopa. Sina neno jingine la kujitetea.

Nikaita. Niliita chini chini, nikiomba upepo wa ziwani uichukue sauti.

"Karame."

Alitoka mbio, panga mkononi, akinitazama mimi tu.

"Kuna nini, karani?"



Askari walimfunga mikono kwa shati lake mwenyewe. Lori halikurudi mjini. Lilikwenda mwisho wa uwanja, ambako tingatinga lilikuwa linachimba shimo tangu juzi. Kesho yake tulikatazwa kukata majani upande ule.

Mkewe, Leokadia, aliniuliza jambo moja.

"Nani alimuita? Ye hawezi kutoka kwa sauti ya mutu hajue."

"Askari," nilisema.

Akaniwekea chakula. Hata nilipohama kwake, aliendelea kuniwekea kila Jumapili mpaka alipokufa, akiwaambia wageni kwamba mimi ni ndugu ya mumewe. Nami nilikula.