Begi Liko Mlangoni

Mtaa mzima ulimwita Mama Hoja, na hata mwanawe alipotaka kumtania alimwita hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa cherehani. Alishonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, dirisha likitazama barabara, utepe wa kupimia shingoni, pini mdomoni, na redio juu ya kabati la vitambaa. Redio hiyo haikuzimwa. Mteja akija kupimwa gauni, alipimwa huku akilishwa habari, atake asitake.

Alianza kupiga simu redioni mwaka ambao mabomba ya mtaa yalikauka. Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi alikuwa akiomba maoni, naye akasema bomba lao linatoa upepo tu, na kwamba kama upepo ungefua nguo, wao wangekuwa watu safi kuliko wote nchini. Mtangazaji alicheka hadi akashindwa kusoma tangazo. Tangu hapo akawa mtu wa kusubiriwa. Waziri akisafiri na ukoo wake wote, Mama Hoja ana neno. Mbunge akisinzia bungeni, ana neno. Hakusoma sana, lakini ulimi wake ulikuwa na makali ya mkasi wake, na watu walimsimamisha sokoni kumwambia, "Mama, jana uliwachana!" Naye alijibu, "Mimi nasema kilichopo tu," huku moyo ukimvimba kama unga uliotiwa hamira.

Ndipo ikaja kashfa ya vitanda. Hospitali kuu ilinunua vitanda vipya vya kujifungulia, na haukupita muda vikaanza kukunjika wazazi wakiwa juu yake. Mwanamke mmoja alivunjika nyonga. Gazeti likatoa picha ukurasa wa mbele: mwanamume wa makamo, mweupe, mmoja wa wale ambao babu zao walitoka ng'ambo kufanya biashara wakabaki, akitoka kituo cha polisi amejikinga uso kwa mkono. Juu yake, kwa herufi kubwa: NANI AMEKULA VITANDA VYETU? Gazeti halikusema ni yeye. Halikuwa na haja ya kusema.

Mama Hoja alipiga simu gazeti likiwa bado mapajani.

"Mwanangu, mimi wala sishangai," alimwambia mtangazaji. "Hawa watu wa rangi hii, sisi tunaishi nao, lakini wao hawaishi na sisi. Begi lao liko mlangoni siku zote. Sisi tukilia, wao wako angani wanakunywa soda."

Mtangazaji akapiga meza kwa kicheko. "Mama Hoja, umemaliza! Sina la kuongeza!" Wateja waliokuwa chumbani wakapiga makofi.

Kesho yake kituo kiliikata ile sauti, kikaitia ngoma nyuma, kikaifanya ya kufungulia kipindi. "Begi lao liko mlangoni siku zote!" halafu ngoma: du! Ikasikika asubuhi, ikasikika mchana, ikasikika kabla ya taarifa ya habari. Mama Hoja akaongeza sauti ya redio ili wapita njia nao wasikose.

Jambo ambalo halikumpitia akilini hata kidogo ni mkwe wake. Mwanawe wa pekee alikuwa ameoa binti wa watu wa rangi hiyo hiyo, msichana mpole aliyeuza kwenye duka la dawa karibu na kituo cha mabasi. Wakati wa posa, ndugu walipoanza kununa na kusema mtoto wa kiume amepotea, Mama Hoja ndiye aliyewanyamazisha. "Huyu ni wangu," alisema. "Atakayemgusa atanikuta mimi." Gauni la harusi alilishona kwa mikono yake, akilitarizi ukosi hadi macho yakamwaga maji. Hayo yote yalikuwa ya kweli. Na begi la mlangoni nalo alilisema yeye, kwa mdomo ule ule.

Jumapili mwanawe na mkewe walikuwa na kawaida ya kuja kula naye. Jumapili hiyo mwana alikuja peke yake.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Ana homa, mama."

Jumapili iliyofuata, homa tena. Mama Hoja akaanza kulalamika kwamba duka la dawa lenyewe lina kazi gani kama haliwezi kumponya muuzaji wake. Mwanawe hakucheka. Aliweka kijiko chini.

"Mama, unaisikiliza hiyo redio yako?"

"Kwani vipi?"

"Kazini kwake kila anayeingia anamuuliza begi liko wapi. Wanacheka. Wengine hata dawa hawanunui, wanachungulia tu dirishani wanauliza, wanaondoka."

Mama Hoja, kwa kuwa alizoea kujibu, akajibu. "Mimi sikumsema yeye! Yeye si kama wao. Yeye ni wetu."

"Aliyezaliwa nyumba ya pili kutoka shule niliyosoma mimi," alisema mwanawe, "ndiye unayesema ni wetu, kama vile umempa kibali?" Akanyanyuka, akaondoka bila kunawa mikono.

Mama Hoja alikaa siku kadhaa akijitetea mwenyewe kwa mwenyewe, cherehani ikienda kombo, mishono ikifumuliwa na kurudiwa. Mwisho akavaa vizuri, akaenda duka la dawa. Alijiambia akifika atamtania mkwe wake kidogo, watacheka, yaishe.

Alikuta mtu mmoja mbele yake kaunta, mwanamume mnene aliyekuwa akinunua dawa ya kikohozi. Mkwe alikuwa akimweleza kwa sauti tulivu, "Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, utikise chupa kwanza." Yule mtu akapokea chupa, akatabasamu. "Asante, dada. Haya, na begi? Liko tayari?"

Mkwe alishika kitambaa akapangusa kioo cha kaunta, mahali ambapo palikuwa pasafi.

Mtu yule akageuka kutoka, akakumbana uso kwa uso na Mama Hoja. Macho yakamtoka. "Hee! Mwenyewe huyu hapa! Mama Hoja! Mama, nipe mkono, wewe ndiye msema kweli wa nchi hii!"

Akanyoosha mkono. Na mkono wa Mama Hoja, kwa mazoea ya miaka, ukainuka, ukapokea. Alipeana naye mkono mbele ya mkwe wake. Tena alitabasamu; aliusikia uso wake mwenyewe ukitabasamu, akashindwa kuuzuia. Mtu yule alipotoka, ikabaki feni tu ikizunguka juu.

"Karibu, Mama," mkwe alisema. "Nikupe nini?"

Ndivyo alivyowakaribisha wateja wote. Mama Hoja akataja dawa ya kichwa. Akapewa, akatoka, na alipofika barabarani akagundua kwamba hata kumsalimia hakumsalimia.

Juma hilo hilo ukweli wa picha ukajulikana. Yule mwanamume mweupe hakuwa mwizi. Alikuwa mhasibu wa kampuni iliyoleta vitanda, na kituo cha polisi alikwenda kwa miguu yake mwenyewe kuwataja wakubwa wake pamoja na shemeji wa waziri, watu weusi ti kama Mama Hoja. Alijikinga uso kwa sababu alitishiwa kuuawa. Gazeti liliomba radhi ukurasa wa ndani, chini ya matokeo ya mpira, kwa maandishi ya kutafuta kwa miwani.

Mama Hoja akaenda kituo cha redio, akaomba sauti yake itolewe. Mtangazaji alimpokea kwa bashasha, akamvutia kiti.

"Mama, ile ndiyo inayotuletea watu. Lakini njoo hewani, useme mwenyewe. Itakuwa kipindi kikubwa!"

Akakubali. Kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, maneno yalimgomea. "Nilisema uongo," alisema mbele ya kipaza sauti. "Niliwasema watu nisiowajua, na yule ninayemjua nikam... nikamweka humo humo. Naomba..." Mtangazaji akaona kimya kinarefuka, akaenda kwenye matangazo. Matangazo yalipokwisha ikapigwa ya kufungulia: "Begi lao liko mlangoni siku zote!" Du! Yeye akiwa bado amekaa pale, vipokea sauti masikioni. Fundi mitambo alisema ni bahati mbaya tu. Sauti hiyo iliondolewa baadaye sana, kashfa nyingine ilipokuja, si kwa kuona haya.

Jioni hiyo alibisha mlango wa mwanawe. Mkwe alifungua.

"Nimekusikia leo," mkwe alisema, akiwa amesimama kizingitini. "Umeiomba radhi nchi nzima, Mama. Mimi bado. Namba yangu unayo. Nilikaa nikingoja simu wiki zote hizi, na wewe kupiga simu si kazi ngumu kwako."

Mama Hoja alilia, na hata kulia kwake kulimtia aibu, maana mkwe ilimbidi amletee kiti na maji.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimesikia. Lakini siwezi kukwambia yamekwisha. Kesho nina zamu."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi; dole hupona. Lile neno lilikwisha kutoka mikononi mwake. Watoto wa mitaani walilifanya utani kwa kila mwenye haraka, bila kujua lilitoka wapi.

Mkwe alirudi kula Jumapili, baada ya miezi. Alikuja na matunda, akasaidia kuosha vyombo, akauliza hali ya mgongo wa Mama Hoja na kumweleza dawa ya kupaka. Walizungumza vizuri. Lakini vile vicheko vyao vya zamani jikoni, vya kuzibana midomo mume asisikie, havikurudi. Mama Hoja hakuvidai. Mteja akimuuliza siku hizi ana neno gani kuhusu waziri huyu au yule, yeye humwambia anyooshe mikono, apimwe mabega.