Mlango wa Jiko la Haukkalampi

Shangazi yangu Hilkka Sorvari, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa na majivuno, na sioni haya kulisema, kwa sababu alistahili kuwa nayo. Nusu ya matrekta ya kijiji chetu cha Haukkalampi yalitembea kwa mkono wake. Aliyemletea kazi aliambiwa akae kando na afunge mdomo, maana chuma cha kumimina, kile kinachoyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu, kikipasuka wakati wa kupoa hulia kidogo tu, ti, na yeye alitaka kukisikia.

Mwaka ule, mkesha wa Juhannus, sikukuu yetu ya kiangazi, fremu ya mlango ilikatika kutoka kwenye jiko la sauna ya kijiji, chumba chetu cha kuogea kwa mvuke. Tumbo la jiko lilikuwa la chuma cha pua, lakini mlango na fremu yake vilikuwa vya kumimina, vya tangu enzi za bibi zetu waliojifungulia saunani humo. Hakuna aliyethubutu kutaja kuvitupa. Aulis Kempas, mhunzi mzee asiyesifu kitu, alisema vyuma hivyo viwili havipatani, kimoja lazima kitapasuka. Hilkka akamwambia akalete taulo lake tu.

Jiko likalazwa chali karakanani. Akaipasha moto fremu, akaanza kuchomelea kwa vijiti vya nikeli. Mtindo wake ulikuwa kuunga kipande kifupi kama pingili ya kidole, kukigonga kwa nyundo kingali moto, kisha kungoja. Lakini nje watu walishafika na matita ya matawi mabichi ya kujichapia saunani, na kila mmoja aliuliza kama bado. Kipande cha mwisho kikawa kirefu kama kiganja.

Akakifukia kiungo kwenye majivu kipoe polepole, akainama kusikiliza. Sisi tulikuwa tukicheka nje, hatukusikia kitu. Yeye akatoka, akasimama mbele ya kijiji kizima.

"Imepasuka," akasema. "Nimeharakisha. Leo hamuogi."

"Ufa wenyewe nani kauona?" Aulis akauliza. "We washa moto, Hilkka. Itashika sikukuu ipite. Nani atajua?"

"Mimi nishajua. Inatosha."

Juhannus bila sauna! Wapo waliomnunia waziwazi, na wapo waliojitosa ziwani hivyo hivyo wakatoka meno yakigongana. Mimi nilimwonea fahari hata nikagombana na binamu zangu.

Asubuhi akausaga mshono wote, akaanza upya, pingili kwa pingili. Safari hii hakuna aliyeuliza lolote. Kijiji kizima kilikaa kwenye mabenchi nje ya karakana, kimya, kikisikiliza majivu. Mbwa mmoja alibweka, mwenyewe akamshika mdomo.

Jioni Hilkka alifukua majivu, akaweka kiganja juu ya kiungo. Kilikuwa kimepoa kabisa, na hakikuwa kimelia. Aulis akasogea, akapitisha kidole gumba kwenye mshono kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudia tena. Akaufungua mlango, akaufunga.

"Si mbaya," akasema.

Kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo, na kwa Aulis sijawahi kuisikia tena. Shangazi alitoka haraka akaenda nyuma ya banda la kuni. Nilipomfuata nilimkuta analia huku anacheka, akaniapisha nisimwambie mtu.

Niliwaambia wote.