Mama Besi na Bendi ya Ng'ambo ya Reli

Mtaani walimwita Mama Besi, na jina hilo hakupewa kwa kejeli. Tangu usichana wake alibeba besi, ngoma kubwa ya bendi, ile inayofunika kifua chote hadi mpigaji haoni miguu yake mwenyewe. Alipoolewa na seremala aliiacha ngoma, lakini bendi hakuiacha. Mchana alifua mashuka ya hospitali. Jioni ungemkuta kwenye kiwanja nyuma ya karakana ya mumewe, filimbi mdomoni, akiwafundisha vijana kugeuka wote kwa pamoja bila kukanyagana.

Mshika fimbo wake, yule anayetangulia mbele kuiongoza bendi, alikuwa kitindamimba wake mwenyewe. Binti alikuwa mrefu, shingo imenyooka, na fimbo ilimtii. Shida ni kwamba hakuitaka; kila alipopata nafasi alipuliza tarumbeta ya kuazima.

"Mama, mimi nataka tarumbeta."

"Wapiga tarumbeta ninao wa kumwaga. Mwenye mwendo kama wako sina."

"Sasa mwendo unatoa sauti?"

Seremala alicheka mpaka akaweka randa chini. Mama Besi hakucheka. Alisema mashindano yamekaribia, mjadala huo wauache. Binti akauacha kweli: wiki iliyofuata akahamia bendi ya ng'ambo ya reli, wapinzani wao wa miaka yote, iliyofundishwa na kinyozi mmoja mwenye maneno mengi.

Mama Besi alinyamaza, na nyumba nzima ikaona afadhali angefoka. Alipakua chakula kama kawaida, akapiga pasi sare za wote, ya binti ikiwemo, ila maneno yalimtoka kwa shida. Fimbo akampa fundi baiskeli, kijana mnene aliyekuwa akiiomba siku zote na kunyimwa kwa sababu ya tumbo lake.

Siku ya mashindano uwanja ulifurika. Bendi ya Mama Besi ilitangulia. Fundi baiskeli akairusha fimbo juu, akaidaka, akazunguka kama pia. Waliojiandaa kumcheka wakajikuta wanampigia makofi. Ngoma hazikupishana hata kidogo. Mama Besi akashusha pumzi.

Kisha wakaingia watu wa kinyozi. Katikati ya wimbo ngoma zikanyamaza, na binti akajitokeza mbele peke yake. Sauti ya kwanza ilitoka imepasuka. Mama Besi akajikuta amemkaba mkono fundi baiskeli. Binti akaondoa tarumbeta, akalamba midomo, akaanza upya. Safari hii ilitoka safi, ikapanda, ikakaa huko huko juu, na miguu yake ikiendelea na gwaride kana kwamba haihusiki.

"Mwalimu, shangilia tu," fundi baiskeli akamnong'oneza. "Hatutakasirika."

"Nani kakwambia nataka kushangilia?" alijibu, na machozi yalishafika kidevuni.

Waamuzi wakaipa ushindi bendi ya kinyozi. Ya Mama Besi ikawa ya pili. Kinyozi akaja kumpa mkono, hotuba nzima ikimsubiri kinywani. Mama Besi akamuwahi.

"Yule mtoto anavuta pumzi mpaka mabega yanapanda. Mfundishe aijaze tumboni, la sivyo utamuumiza kifua."

Nyumbani binti aliingia kwa kunyata, midomo imevimba. Mama akamwekea maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

"Umenikasirikia?"

"Nimekukasirikia. Sukutua kwanza."

Akasukutua, akatema.

"Ulipokosea, moyo ulinipasuka," mama akasema. "Ulipoanza tena, nikasahau umesimama upande gani."

Binti akayaweka maji chini. Akamwegemea begani, na mama akamwacha.

Hakurudi kwenye fimbo. Mama yake alimwomba mara moja, akakataliwa kwa heshima, basi. Fundi baiskeli akaendelea nayo kwa raha zake. Na kila msimu wa mashindano mama na binti walifichana nyimbo za mazoezi, huku seremala, aliyezijua za pande zote mbili, akipigwa marufuku kupiga mluzi ndani ya nyumba.