Vikombe Mia vya Maharage

Mama alipofariki, mimi ndiye niliyepewa kazi ya hesabu. Nani mwingine? Nafundisha hisabati sekondari hapa Lushoto. Kila mwaka nachora ubaoni ile nane iliyolala, nawaambia wanafunzi maana yake ni kitu kisicho na mwisho, kisha naifuta na kipindi kinaendelea.

Kwetu marehemu husomewa tahlili elfu sabini. Ukitamka "La ilaha illallah" moja, unahamisha punje moja ya maharage kutoka sinia hili kwenda lile. Mama mdogo, aliyemfuata mama kuzaliwa, alitaka nizihesabu punje zote kabla hatujaanza. Elfu sabini, moja moja. Nikamwona hajui hesabu. Nilijaza kikombe, nikakuta punje mia saba, nikapima vikombe mia, basi. Na nikajisifu moyoni, mama hana hata siku mbili kaburini.

Wanawake wa kijiji walisoma siku tatu, wakamaliza, wakaaga. Maharage yaliyokwisha kusomewa yalikuwa yakienda jikoni kila siku, wageni wakala.

Asubuhi ya nne nilikaa kuchambua yaliyobaki nipike, mkono ukasita. Majirani walikuwa wameleta kila mmoja ya shamba lake. Kikombe nilichohesabu kilikuwa cha yale madogo. Haya yalikuwa manene, mekundu. Nikajaza kikombe, nikahesabu mara mbili. Mia nne na kidogo. Mama kapunjwa, na aliyempunja ni mimi, mwalimu mzima. Kapunjwa kiasi gani? Hata hilo sikuweza kulijua, mengi yalishaliwa.

Niliwaza kunyamaza. Lakini kila nikigusa sufuria nilimwona mama kasimamishwa mahali, anaambiwa bado, kwa ajili yangu. Nikaenda uani.

"Mama, nimekosea hesabu," nikamweleza mama mdogo yote.

Hakufoka. Heri angefoka. "Mungu anajua nia," alisema. "Ila kama roho haikutulii, tusome upya, mimi na wewe."

Hata pale nikapiga hesabu kichwani: watu wawili, karibu wiki nzima. "Tutamaliza lini, mama?"

Akamwaga maharage kwenye sinia. "Polepole tu. Dada yangu haendi popote."

Alisema kunituliza. Mimi nikaona wiki inapita, tumemaliza, nimerudi darasani, nimezeeka, na mama bado yuko kule chini ya migomba. Na baada ya hapo bado yuko. Na baada ya hapo bado. Miaka yote hiyo nilikuwa nafundisha kitu nisichokijua. Niliogopa hadi nikashika kanga ya mama mdogo, mtu mzima mimi.

Sikuwa nimelia tangu tumzike. Nililia pale, punje ya kwanza mkononi, ulimi umekataa kutamka.