Piko Kwenye Kidole Gumba

Siku nilipomwona Bi Badria kwa mara ya kwanza, mwaka 1998, sikumtazama usoni. Nilikuwa dereva wa teksi, nimeitwa Vickery Meadow, mtaa wa Dallas, Marekani, nimpeleke akachore hina kwa bi harusi kule Plano. Niliona mikono tu, imejaa hina na piko nyeusi hadi kwenye kucha, kama anayeolewa ni yeye.

"Viatu vyako vimekukosea nini," aliniuliza, "mbona huviondolei macho?"

Nikawa dereva wake. Chini ya ile rangi viganja vilikuwa na magamba na kucha zimenenepa. Ilikuwa soriasis, ugonjwa wa ngozi usioambukiza, lakini watu hatukusadiki. Nyumba moja, mama wa bi harusi alimwekea glavu juu ya sinia ya hina. Bi Badria akazivaa, akachora, akasema, "Haya, mwanao leo kapambwa na daktari." Tangu hapo alizidisha piko.

Kwa hiyo mstari mweusi kwenye kucha ya gumba la kulia haukumshtua mtu. Yeye alisema ni piko. Binti yake Nusra alisema ni piko. Daktari naye, kuona kucha zote zimeharibika, alisema ni soriasis.

Ramadhani ikaingia. Hakuna harusi, hakujipaka kitu. Idi ilipokaribia alinyoosha mikono mbele yangu garini. Kwenye kucha nyingine piko ilikuwa imesogea mbele, shina limebaki safi. Kwenye gumba mstari ulianzia shinani kabisa, umepanuka, na weusi umeingia kwenye ngozi.

"Hudhaifa," alisema, "piko huota?"

Daktari alikata kipande, kikapimwa. Magamba kweli yalikuwa soriasis. Gumba lilikuwa na saratani ya ngozi. Mimi nilidhani saratani hiyo ni ya Wazungu, wanaochomwa na jua. Nusra alimwuliza daktari mara mbili kama hawakuchanganya majina.

Walilikata gumba. Saratani ilikwisha kufika mapafuni. Nilimpeleka hospitali Houston, na siku niliyokwenda kumuaga kitandani ndipo nilipomtazama usoni.

"Nusra atakuwa analia, kwa hiyo nakwambia wewe," alisema. "Wanawake watakaoniosha, waambie wasiiogope mikono yangu."